Jike wa Ukara Akataa Posa

Ilikuwa sheria ya ziwani: kisiwa kikizaa kiumbe asiyepatikana kwingine, kisiwa ni chake, na watu wanahama. Kwa hiyo kila mwaka Nyabise, mpimaji wa kisiwa cha Ukara, aliletewa buibui dume kutoka kisiwa jirani cha Irugwa, akamtia ndani ya bakuli la kioo pamoja na jike wa Ukara. Wakipatana, wangali jamii moja, na watu wa Ukara wanabaki kwao.

Dume aliinua miguu ya mbele, akaitikisa, akapiga ngoma kwa tumbo. Jike akamgeuzia mgongo.

"Vipi, kamkubali?" aliuliza Magambo, mumewe, akikaanga dagaa jikoni.

"Haelewi anachoambiwa."

"Hata wewe nilikutongoza miaka bila kueleweka."

Nyabise hakucheka. Alimtoa mgeni, akamweka dume wa Ukara, akatega sikio kwenye kioo. Huyu alipiga ngoma ile ile, akatulia, kisha akagonga tena, taratibu mno. Pigo hilo halikuwepo mwaka jana. Jike aligeuka, akaitikia. Kiumbe mpya alikuwa ameingia duniani, juu ya meza yake ya chakula.

"Sema kamkubali yule wa Irugwa," Magambo alinong'ona. "Buibui atashtaki wapi?"

"Siwezi, baba Kaliba. Nitakuwa nimemfuta siku ile ile aliyozaliwa."

Ukutani, juu ya jiko, dume mwingine alikuwa akicheza. Magambo akasogeza kikaango polepole ili moshi usimfikie, kwa adabu ya mtu aliyekaribishwa kwenye nyumba ya mwingine.