Vidole vya Ndolo

“Daktari, hii si kamasi?”

Ndolo alikuwa amevilaza vidole vyake mezani kama vitu vya kuazima. Ayuma akacheka. Ilikuwa jeli, akamweleza, aliyoitengeneza kwa protini ya ngozi za mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko. Ikipakwa penye jeraha, chembe za mwili huishikilia na kujijenga upya.

“Nisije nikaota kwato.”

“Mbuzi kazi yake ni kushikilia tu. Ngozi itakuwa yako.”

“Lakini mpya?”

“Mpya kabisa.”

Hapo Ndolo akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kile chumba cha utafiti, mtaani Komarock, Nairobi.

Alikuwa amejitambulisha kama fundi wa mawe, Mkamba wa Machakos anayekaa Kariobangi. Saruji ilikuwa imemla vidole hadi vikawa laini kama sahani. Kazi ya Qatar ilimsubiri, ila alitakiwa kupata kwanza cheti cha tabia njema cha polisi, na mashine ya alama za vidole ilikuwa imemkataa mara tatu.

Ayuma naye alikuwa na lake. Kati ya watu watano aliokubaliwa kuwafanyia majaribio, wanne walikuwa wameacha kuja. Ndolo asipopona, chumba kingefungwa.

Kwa hiyo alimtunza kama yai. Kila Jumanne na Ijumaa alimbadilishia bendeji. Siku moja jeli ilitoka kwenye friji moja kwa moja hadi kidoleni, na Ndolo akaruka na neno chafu la Kibukusu, lugha ya kwao Ayuma, ambalo mamake Ayuma angelisikia, angemchapa.

“Mkamba kama wewe umelitoa wapi hilo?”

“Tulijenga sana Bungoma,” alisema Ndolo, akiangalia dirishani.

Hakukosa hata siku moja. Wiki ya tisa, chini ya lenzi, Ayuma aliiona mistari: myembamba, imejipinda vizuri, kila kidole na yake. Machozi yakamtoka. Ndolo ndiye aliyemtafutia kitambaa.

Asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja kwenye ofisi ya polisi mjini, Ayuma na kamera yake ya ripoti, Ndolo ndani ya suti iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Akabonyeza vidole kwenye kioo cha mashine, kimoja kimoja. Mashine ikatulia kidogo. Taa ya kijani ikawaka.

“Imesoma vyote kumi,” alisema askari wa zamu.

Ayuma akamkumbatia Ndolo mbele ya foleni nzima. Miaka minne ya kuchemsha ngozi za mbuzi, na leo mashine ya serikali yenyewe imekubali.

Askari hakuwa amebandua macho kwenye skrini. Aliisoma hadi chini, akainuka bila haraka, akaenda kuufunga mlango kwa ufunguo.

“Keti, Patrobas,” alisema. “Alama ni zako zile zile. Miaka sita tunakutafuta.”