Mwiko wa Raundi ya Tisa

Raundi ya sita ilipomalizika, Lowell Hruska alirudi benchini, na wenzake waliokuwa wameketi pale wakainuka mmoja mmoja wakahamia upande wa pili. Alibaki peke yake na ndoo ya maji.

Hakuudhika. Katika besiboli, mrushaji akifika mbali hivyo bila wapinzani kupata pigo hata moja, mwiko wake unajulikana: haketiwi karibu, hasemeshwi, wala jambo lenyewe halitajwi. Ukimsemesha unamtia nuksi. Hudumu hivyo mpaka raundi ya tisa, ya mwisho, iishe, au mpaka mpinzani aupige mpira wake.

Tatizo ni kwamba leo Lowell alitaka kusemeshwa kuliko siku zote za maisha yake.

Asubuhi alimpeleka mkewe, Verna, hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika wiki tano kabla ya wakati. Ndoa ya miaka kumi na sita, na hii ndiyo mimba ya kwanza kuvuka mwezi wa nne. Daktari alichoka kumwona Lowell akizunguka ukumbini, akamwambia aende kazini, atapigiwa simu. Miaka ile, baba kwenye wodi ya wazazi alikuwa kama kiti cha ziada.

Simu ilikuwa ofisini kwa kocha, ukuta mmoja na benchi. Kabla ya mchezo Lowell alimshika mkono Pruitt, mchua misuli wa timu, akamwapisha.

"Ikilia tu, niambie. Hata kama mpira uko mkononi mwangu."

"Kaka, nitakimbia mpaka katikati ya uwanja," Pruitt alisema. "Kama ni wa kiume, nitakimbia kinyumenyume."

Sasa simu ikalia. Lowell alisimama wima. Pruitt aliingia ofisini, akakaa humo kitambo, akatoka na kofia yake mkononi. Alimpita Lowell bila kumtazama, akamnong'oneza mzee Halloran, kocha, kisha akaenda kukunja mataulo yaliyokuwa yamekwisha kukunjwa.

"Pruitt," Lowell aliita. "Ndio wao?"

Pruitt akazidi kukunja. Lowell akamgeukia Tuck, mdakaji wa mipira anayoirusha, rafiki wa miaka minane, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata kanisani. Tuck akainama kufunga kamba za viatu. Mzee Halloran naye alikuwa akijifuta macho kwa kiganja, na Lowell akaona, kumbe mzee ana moyo, analia kwa furaha kwa ajili ya mrushaji wake.

Maana furaha ilistahili. Miaka ishirini na moja Lowell alikuwa amerusha mpira katika timu kumi na moja, miji ya wachimba makaa na miji ya viwanda, bega likisuguliwa dawa ya farasi kila asubuhi. Ligi kuu aliionja siku tisa tu, wakamrudisha mikoani. Mchezo kama huu hakuwahi hata kuukaribia, na Halloran alikwisha kumwambia kwamba msimu ujao hana nafasi. Leo, na miaka arobaini na moja, alipewa alichokiomba akiwa na ishirini, nacho kikawaziba midomo rafiki zake wote.

Wapinzani tu ndio waliomsemesha, kwa kuwa wao nuksi walikuwa wakiitafuta.

"We babu! Unajua bado hatujapata pigo hata moja?"

"Babu, mkono huo umeuazima kwa mjukuu?"

Lowell aliwasikiliza kwa wivu. Ilibaki kidogo awaulize wao.

Raundi ya nane ilipokwisha alimwendea Halloran. "Mzee, neno moja tu. Ndiyo au hapana." Mzee akatikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akageuka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Lowell alijipa moyo kwamba mshindo huu ni wa heri. Wajinga hawa wana habari njema wameikalia kwa sababu ya mwiko. Lakini roho haikutulia.

Raundi ya tisa aliwatoa wapigaji wawili wa kwanza. Alibaki mmoja wa kumaliza mchezo, kijana aliyeitwa Castleman. Uwanja mzima ulisimama.

Lowell aliushika mpira akamfikiria Verna. Akaona hawezi kungoja hata dakika moja zaidi, wala kubahatisha kwamba huyu atatoka upesi. Tuck alimwonyesha kwa vidole arushe wa kasi, pembeni. Lowell alirusha wa polepole, katikati kabisa, kama anayemrushia mtoto uani, ili upigwe na mwiko uishe.

Castleman aliupiga ukaruka juu ya vichwa vya walinzi, ukaangukia majanini. Watu elfu nne waliguna kwa pamoja, mwanamke mmoja akalia kwa sauti. Lowell alivuta pumzi ndefu. Hakujutia kitu.

Mpigaji aliyefuata alitoka kwa mrusho mmoja, mchezo ukaisha, wakawa wameshinda. Lowell alivuka uwanja akikaribia kukimbia, akaingia benchini akicheka, jasho likimchuruzika mpaka kidevuni.

"Haya, mwiko umekwisha," alisema. "Semeni sasa. Wa kike au wa kiume?"

Wanaume ishirini walikuwa wakitazama viatu vyao.