Doa la Kijani

Vyombo vya Bi Rukia, mwosha maiti wa mji, vilikuwa vinapakiwa mkokotenini ili nyumba yake ivunjwe. Majirani waliokuwa wakiogopa hata kumpa mkono, leo waligombania kumbebea ubao wa kuoshea.

"Miaka yote unatubania, mwenzetu, kumbe umelala juu ya maji!" jirani yake Tatu alimtania.

Mtaalamu aliyekuja kuutafutia mji maji alimwonyesha picha ya setilaiti: mji mzima rangi ya majivu, na doa moja la kijani nyuma ya jiko lake.

"Ukame wote huu, bibi, hapa majani hayakauki. Chini kuna nini?"

Chini kulikuwa na shimo linalopokea maji ya kuoshea maiti. Hata maji yaadimike vipi, maiti hakukosa ndoo yake, na mwaka ule walikufa wengi. Bi Rukia aliitazama mikono iliyoshika ubao wake. Akisema ukweli, itauachia.

"Maji, mwanangu."

Basi wakavunja nyumba, wakachimba kisima, likatoka vumbi tupu. Mtaalamu akaenda kwingine na picha zake. Wengi walihama. Bi Rukia alibaki, hakuwa na nyumba wala pa kwenda. Tatu alikufa kabla ya kuhama, na maji ya kumwosha hayakupatikana. Bi Rukia alipiga viganja kwenye vumbi la kile kisima, akampangusa uso, kisha mikono yote miwili.