Jinamizi la Nyuma ya Kabati

Ukoo ulikaa kikao kizito, ukaamua kwamba linalomkaba Salme kifuani kila alalapo ni jinamizi. Wakamfukizia ubani. Pumu ikazidi, kifua kikapiga filimbi.

Wifi yake, Kibibi, akaingia akiwa ameziba pua. "Jinamizi gani linanuka kama mkate uliovunda?" Akalisukuma kabati la harusi. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ukungu mweusi wenye manyoya. "Vumbi lake ndilo linalokuvimbisha njia za hewa. Twende ukalale kwangu."

"Wifi, Mungu akupe..."

"Anipe wifi asiyeongea sana. Pumua kwanza!"

Asubuhi iliyofuata, kizingitini kwa Kibibi, Salme alivuta pumzi hadi ikafika chini kabisa, akaishikilia kidogo, kama mgeni mpendwa anayetaka kuaga.