Kichipu Kinausikiliza Umeme

Tulikuwa tumeshatoka mtaani tukimsukuma Bi Mwanjaa kwenye mkokoteni, kaikumbatia mashine yake ya kupumulia na betri yake. Siku hizi nyumba moja ikivuta umeme kwa vishindo, gridi huzima mtaa mzima, na mashine ile kuukuu ilikuwa na vishindo hasa, ndipo majirani wakamtaka aondoke.

Jirani yake Shekue alitufuata hadi kona. "Tusameheane, dada. Samaki wangu wanaoza kwenye friji."

"Nenda ukaoze nao," alimjibu Nasra, binti wa mgonjwa.

Mtaa mpya ulitupokea kwa sharti la kichipu, kile cha bei rahisi cha kulainisha mvuto wa umeme. Nilikifunga mwenyewe, tukachomeka. Taa ya njano ikawaka: kichipu kinajifunza kwanza umeme wa hapa, mashine isubiri. Betri nayo ikaisha.

"Babu, king'oe!" Nasra alinililia.

"Nikiking'oa mtaa wote unazimika, na yeye pia."

"Basi kiambie kifanye haraka!"

"Hakisikii mtu, mwanangu. Kinasikiliza umeme tu."

Taa ilipogeuka kijani, Bi Mwanjaa alikuwa ameshakata roho. Tulimzika kesho yake. Shekue anauza samaki. Mimi nimehamia Handeni. Nasra hajaizima mashine. Anasema ikizimwa, kichipu kitaanza kujifunza upya.