Kunguru Amtenga Fisi

Kunguru wa kola nyeupe alikuwa mchungaji asiyemung'unya maneno. Kila dhambi aliitaja madhabahuni, na mwenye dhambi kwa jina. Fisi alipocheka katikati ya sala, akamtenga hapo hapo. Waumini wengine, kwa kuogopa zamu zao, wakahama mmoja mmoja.

Kunguru akabaki kuhubiria mabenchi, akitamani hata kile kicheko. Jumapili moja akakisikia nyuma ya ua.

"Fisi! Kumbe upo?"

"Sijakosa ibada hata moja, Mchungaji."

"Basi ingia, ndugu yangu!"

"Natamani mno. Lakini ulinitenga mbele ya kanisa zima. Nirudishe kundini mbele ya kanisa zima."

Kunguru akayageukia mabenchi yake. Hapakuwa na hata mmoja wa kushuhudia.