Ngiri na Handaki la Fuko

Ngiri alikuwa jemadari wa panya, na adui zao fuko walikuwa wamejichimbia handaki. Kabla ya kila shambulio, Ngiri alipiga kwato ardhini siku saba ili handaki liwafukie, kisha akatulia na kuwaamuru panya wakimbie mbele. Mara tatu walikwenda wengi, wakarudi wachache.

Siku moja wakamkamata fuko mzee.

“Nani huwapasha habari kwamba tunakuja?” Ngiri akamuuliza.

“Wewe mwenyewe, afande,” fuko akajibu kwa uchovu. “Ukipiga kwato, tunashuka chini kulala. Ukitulia, tunapanda kuwangoja.”

Panya waliobaki wakatazamana kwa matumaini.

Ngiri akawaza sana. “Kumbe siku saba ni chache,” akasema. “Safari hii nitapiga kumi na nne.”

Panya wakaanza kuagana.